Ugonjwa wa Rika la Mama

4 Februari

Kwa mdogo wangu Profesa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Hatujambo, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Mjomba goti limemvimba tena lakini mdomo wake uko salama. Binti yangu ameajiriwa pamoja nami pale kwenye tanuri la mikate, kwa hiyo siku hizi tunatoka nyumbani pamoja alfajiri, yeye anapiga miayo na mimi namsukuma. Tumeletewa tanuri jipya. Linaunguza mikate ya upande wa kushoto tu, na msimamizi anasema ni sisi tusiojua kuipanga.

Usishangae kuona nimeshika kalamu. Simu imenichosha. Kwenye simu unaitikia ndiyo, ndiyo, huku nasikia unabonyeza kompyuta, na nikikaribia jambo lenyewe unaniambia kuna mtu anakusubiri mlangoni. Barua huwezi kuikatiza.

Jambo lenyewe ni Mama. Chakula kinamkwama. Alianza kwa kuacha ganda la mkate, nikadhani ni meno. Sasa hata ile sehemu laini ya ndani anailoweka kwenye chai mpaka iwe kama uji, na bado akimeza anatulia, anajishika hapa katikati ya kifua, anangoja kishuke. Ukimuuliza anasema anafikiria. Nimeishi na Mama miaka yote hii na sijawahi kumwona akifikiria kwa kujishika kifua.

Daktari wa zahanati anataka tumpeleke hospitali ya rufaa wampitishie kamera kooni waone kuna nini. Ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Mjomba amekataa, anasema mtu mzima wa umri ule haendi kuchokonolewa. Nilipomgeukia Mama mwenyewe, akanijibu hivi: "Muulize Profesa. Kazi yake ni kujua wazee wanakufa kwa nini. Akisema niende, nitaenda."

Mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja na kumsikia akikohoa, lakini neno langu halina uzito. Haya basi. Niandikie neno "mpeleke", hilo tu, nami nitampandisha basi.

Dada yako


23 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na kunifurahisha, hata pale uliponichapa. Huku tu wazima. Wifi yako bado yuko zamu za jioni, kwa hiyo mimi ndiye mpishi, na watoto wanalalamika kama wafungwa. Ofisini lifti imeharibika. Tunapanda kwa miguu hadi ghorofa ya nne, na mkuu wa idara akifika juu hawezi kumgombeza mtu kwa robo saa nzima. Tumeomba isitengenezwe.

Sasa Mama. Swali lake limekuja wakati wake hasa, maana wiki iliyopita tumekamilisha ule mchoro nilioutolea jasho miaka mitatu. Ngoja nikueleze ili umweleze naye. Tunawachukua wazee kwa marika, yaani kwa miaka waliyozaliwa, kisha tunatazama wakifika umri uleule ni kitu gani kinawaondoa. Wa rika la bibi zetu waliondolewa na kifua, homa na kuhara. Waliozaliwa miaka ya thelathini wakapona hayo, wakangojewa na presha: moyo na kiharusi. Waliozaliwa miaka ya arobaini wamekutana na vidonge vya presha mapema, wakapita salama hapo, na sasa saratani na ugonjwa wa kusahau ndivyo vinavyowapokea. Ukichora, mstari mmoja unashuka na mwingine unapanda, na inapokatana ni pazuri kutazama, niseme kweli. Kila rika lina kifo chake.

Mama, kwa mwaka ulio kwenye kitambulisho, yumo katikati kabisa ya rika la thelathini. Adui yake ni presha. Mara ya mwisho ulinitajia vipimo vyake na vilikuwa juu mno. Saratani ya koo kwa wanawake wa rika lile ni nadra kiasi kwamba kwenye mchoro nimeiweka pamoja na "mengineyo". Kumsafirisha kutwa nzima, kumlaza njaa, kumtia dawa ya usingizi na presha ile, hapo ndipo tungemuua kwa mikono yetu. Kukwama kwa chakula ni meno, gesi, na kula haraka.

Kwa hiyo: chumvi aache, atembee kidogo jioni, na kidonge cha presha ameze kila siku asubuhi. Asiruke hata siku moja. Mwambie ni mimi nimesema.

Ni mimi mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie wifi pole na zamu, na wewe pole na masufuria. Huku msimamizi amekubali kwamba tanuri ni bovu, baada ya mke wake kupelekewa mkate ulioungua. Mjomba anakusifu mtaa mzima kwa sababu umekubaliana naye. Hajawahi kukusifu ulipofaulu mitihani.

Nilimsomea Mama barua yako. Alitaka nirudie pale pa rika lake. Sasa mgeni akiingia tu anaambiwa: sisi wa miaka ya thelathini ugonjwa wetu ni presha, mwanangu amechora. Anasema kwa fahari kama mtu anayetaja ukoo. Kidonge anakidai kabla sijafungua dirisha. Chumvi ameacha. Nesi wa zahanati amempima na presha imeshuka, imeshuka vizuri tu, mpaka nesi akaita wenzake waje kuona.

Hiyo ndiyo habari njema, na nimekupa yote. Sasa hii nyingine. Magauni yake yanamning'inia. Chai yenyewe anainywa kwa kijiko. Jirani yetu fundi viatu, ambaye hana adabu lakini ana macho, aliniuliza Mama anaumwa nini. Nikamjibu presha, akanitazama kama mtu aliyeambiwa uongo na ambaye hataki kubishana.

Yako mambo mengine ambayo Mama amenikataza kuandika, na nimemwapia sitaandika. Fikiria mwenyewe.

Nakuuliza tena, maana nikimpeleka bila neno lako hatakubali kupanda basi, na mimi siwezi kumbeba mama yangu kama gunia mbele ya watu. Au njoo umtazame. Macho tu, hata bila mchoro.

Dada yako


2 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa safarini kwenye mkutano wa wataalamu na barua yako ilikaa kwenye kisanduku changu ofisini mpaka niliporudi. Watoto wanakusalimu. Mkubwa amenipita urefu na sasa ananishauri kuhusu nguo.

Presha imeshuka! Huwezi kujua umenipa furaha gani, maana nesi alipokupa vipimo ulinipigia ukanieleza na habari ya wageni, nikavichukua hivyo hivyo mkutanoni. Nilikuwa nimeeleza mistari yote na watu wanasinzia, nikasema ngoja niwaambie habari ya mama yangu mzazi. Nikaeleza jinsi ambavyo kulijua rika lake kulituepusha na safari na kipimo kisicho cha lazima, na sasa presha iko chini na yeye yuko nyumbani kwake anawahutubia wageni. Ukumbi ulicheka ukapiga makofi. Mwambie Mama amepigiwa makofi na watu wa nchi kumi na tisa.

Kukonda kusikutie hofu. Mtu akiacha chumvi hupoteza maji mwilini, na kwa umri ule hamu ya kula hupungua. Msagie vyakula, mpe kidogo kidogo mara nyingi.

Kuja sasa haiwezekani, wafadhili wanakuja kukagua kazi. Nitakuja Agosti, na safari hii nitakaa.

Mdogo wako


21 Aprili

Profesa,

Nimempeleka.

Barua yako ya makofi sikumsomea. Nilimdanganya. Nilimwambia umeandika neno "mpeleke". Akainuka akaomba kitambaa chake kizuri cha kichwa, na njiani kote akawa anamwambia kondakta kwamba mwanawe ndiye aliyeamuru.

Wamepitisha kamera. Ni uvimbe, umeziba koo la chakula karibu lote, na umeshashika mpaka pembeni. Daktari ni mwanamke wa makamo, mpole. Aliniuliza lilianza lini, nikamwambia. Akaniuliza nani alituambia tungoje. Nikasema watu wa nyumbani. Akasema, "Mngekuja alipoanza kuacha ganda la mkate, tungekuwa na kitu cha kujaribu." Hakusema kwa ubaya. Nilitamani aseme kwa ubaya.

Wamemwekea kimrija ili angalau maji yapite, na tumerudi nyumbani. Mama hajui. Nimemwambia wamemsafisha koo.

Usingoje Agosti.

Dada yako


11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Tumefika salama kutoka msibani, ingawa ndege ilichelewa na mtoto wetu mdogo alitapika njia nzima. Wifi yako anakushukuru kwa mto uliompa. Mimi nakushukuru kwa kunipokea, hata kama zile siku zote hukunisemesha ila kuniuliza kama nimekula. Najua nilikuta kaburi limeshafukiwa. Nilikwisha kukueleza habari ya ukaguzi, sitarudia.

Naandika kwa sababu kuna jambo nimeligundua, na nadhani litakupunguzia mzigo kama lilivyonipunguzia mimi. Nilipokaa na Mjomba pale uani nilimuuliza Mama alizaliwa lini hasa. Akacheka, akaniambia mwaka ule wa kitambulisho aliubuni yeye. Mama alikuwa anatafuta kazi ya ufagizi hospitalini, wakamwona mdogo, Mjomba akaenda kumwandikisha upya na kumwongezea miaka. Anasema nzige walipokuja mara ya kwanza Mama hakuwa amezaliwa. Walipokuja mara ya pili alikuwa ananyonya. Nimetafuta miaka ya nzige, na hesabu inatoka wazi: Mama alikuwa wa miaka ya arobaini. Alikuwa wa rika lile jingine, rika la saratani.

Unaona maana yake? Mchoro haukukosea. Ushauri nilioutoa ulikuwa sahihi kwa mwaka niliopewa. Kosa lilikuwa la kitambulisho. Laiti ningeambiwa mwaka wa kweli, ningekuwa wa kwanza kusema apelekwe. Nimeona ni haki ujue.

Mdogo wako


20 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Nilipiga simu mara mbili tatu, binti yako akapokea na kusema uko kazini, hata siku ya mapumziko yako. Natumaini goti la Mjomba ni zuri na tanuri limetengenezwa. Huku joto kali, watoto hawalali.

Pengine barua yangu iliyopita ilikwenda na lugha ya ofisini. Ndivyo nilivyozoea kusema. Wewe unajua toka utotoni nikishikwa na jambo najificha kwenye hesabu.

Nina ombi moja tu, kisha sitakusumbua. Nataka kujua zile siku za mwisho. Je, Mama aliniulizia? Aliacha neno lolote kwa ajili yangu? Mjomba nilimuuliza, akasema niulize wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo.

Nijibu, hata kwa kifupi.

Mdogo wako


9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Mjomba ni mzima, ila siku hizi anakula mezani peke yake, maana mimi na yeye tunasalimiana tu. Binti yangu amepandishwa cheo, ndiye anayepanga zamu, na mimi mama yake ameniweka za asubuhi bila aibu. Chumba cha Mama nimekifagia. Kitanda nimempa fundi viatu, mgongo unamuuma.

Barua yako ya nzige niliisoma nikiwa kazini, na ilinibidi nitoke nje. Nimekaa nayo mpaka leo kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na Mama hakutulea kutukanana. Sasa nimepoa kidogo, sijapoa sana.

Umenieleza kwamba Mama angekuwa amezaliwa nzige wa pili kwenye karatasi, ungempeleka. Lakini kwa kuwa karatasi ilisema nzige wa kwanza, basi ilikuwa sawa akae nyumbani aloweke mkate. Wanawake wa rika la thelathini wenye uvimbe kooni nao wako, wewe mwenyewe uliniandikia wako wachache. Hao wachache wakisema chakula kinakwama, mnawajibu nini? Mimi sikukuuliza wanawake wanakufa kwa nini. Nilikuandikia kwamba Mama anajishika kifua akimeza. Kulielewa hilo hakukuhitaji mwaka wa kuzaliwa. Sasa umemtoa kwenye mstari mmoja ukamweka kwenye mwingine, moyo wako umetulia, na mimi unaniambia nitue mzigo. Wangu upo pale pale. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na nauli, na ule uongo niliomwambia Aprili ningeweza kumwambia Februari. Hilo nalijua bila kukumbushwa na mtu, na silitafutii kitambulisho.

Umeuliza kama alikuulizia. Nilitaka kukunyima jibu. Nikaona nikikunyima utabaki unajipa moyo, utajitungia lako.

Alikutaja kila siku. Hakujua ni saratani mpaka anaingia kaburini. Daktari wa zahanati alitaka kumwambia, nikamzuia mlangoni, kwa sababu kumwambia ni saratani ilikuwa kumwambia kwamba wewe ulikosea, na kukuamini wewe ndicho kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Kwa hiyo akawa anawaambia watu wanaokuja kumwona kwamba presha ni ngumu, lakini mwanangu anaijua vizuri, ameichora. Watu wakawa wanatazama mikono yake ilivyokonda, wanaitikia. Fundi viatu tu ndiye aliyetoka nje.

Maumivu yalikuwa makali. Wewe ulikuja ukakuta turubai na viti, hukuyasikia. Mambo niliyokatazwa kukuandikia ule mwezi wa Machi ni kwamba alikuwa anatapika, na mara nyingine ilikuwa damu. Alisema usishtuliwe, una kazi kubwa.

Ile wiki ya mwisho mrija uliziba. Maji yenyewe hayakupita, nikawa nalowesha kitambaa nampangusa midomo. Daktari alisema tuache dawa zote za kumeza, hazina kazi tena. Nikaacha. Asubuhi yake, hata sijafungua dirisha, Mama akanyoosha mkono anataka kidonge chake cha presha. Nikamwambia daktari amesema basi. Akanijibu, kwa sauti ile iliyokuwa imebaki, "Profesa alisema nisiruke hata siku moja."

Nikakisaga, nikakichanganya na matone ya maji, nikampa kwa kijiko. Kilimrudi chote puani na mdomoni, akakohoa mpaka nikadhani ndiyo anakwenda. Nikamfuta, nikambadilisha nguo, nikamlaza. Aliponyamaza akanyoosha mkono tena.

Nikampa kingine.

Dada yako